Lenzi Ndefu ya Baba na Nyumba ya Kaku

Mwaka jana nilikuwa Kasulo, pale Kolwezi, nikitafuta mahali pa kusimama. Ndugu msomaji, ukiwa na lenzi ndefu kama yangu, nusu ya kazi ni kutafuta mahali pa kusimama, maana kitu unachotaka kukipiga picha lazima kwanza ukiache mbali. Nilikuwa nimeona nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, imebaki peke yake katikati ya mashimo ya watu wanaochimba kobalti chini ya vyumba vyao wenyewe. Nikaanza kurudi nyuma taratibu, jicho kwenye kamera, nikarudi, nikarudi, mpaka kisigino changu kikagonga beseni la mama mmoja muuza nyanya. Akaniangalia, akaiangalia kamera, akacheka kicheko cha tumboni.

"Mama, juu ya nini unakimbia nyumba yenye unataka kupiga foto?"

Nilicheka naye, nikamnunulia nyanya zake, nikakaa kidogo kwenye kigoda chake. Hakujua amenifanyia nini. Swali hilo nililisikia utoto wangu wote, ila halikuwa langu. Watu walikuwa wakimwuliza baba yangu.

Siku zile nchi yetu iliitwa Zaïre. Wanaume walivaa abacost, suti ya serikali isiyo na tai, tuliitana sitwayen na sitwayeni, yaani raia, na sisi tuliishi kwenye kambi ya zamani ya wafanyakazi, upande wa Mashamba, karibu na machimbo ya shaba. Kambi yetu ilikuwa mistari ya nyumba za matofali mekundu, zote sura moja, kiasi kwamba mlevi akirudi jioni alilazimika kuimba mlangoni ili asikie ni mke gani atakayemjibu. Mchana baruti zilipolipuliwa shimoni, sahani za bibi zilicheza kabatini na sisi watoto tulizinyamazisha kwa mikono. Jioni moshi wa makala, ndiyo makaa, ya Mutshatsha ulijaa mtaa mzima, kila mama na mbabula yake, jiko la bati, mbele ya mlango, na ukipita ungeweza kusema bila kuchungulia: hapa sombe ya majani ya muhogo, hapa samaki wa kukaushwa, hapa leo wanapika viwavi. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji robineni, bomba la mtaa, na kuchuja munkoyo wa bibi, kinywaji chake cha mahindi na mizizi. Nilionja mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Baba yangu alikuwa fundi umeme wa kampuni. Mwalimu mmoja Mbelgiji, siku ya kurudi kwao, alimwachia kamera kwa kumshukuru, kwa kuwa baba alikuwa amemwokolea friji yake si mara moja. Zawadi ilikuwa na kasoro moja. Lenzi ya kawaida, ile fupi, ilikuwa imeanguka sakafuni ikapasuka. Iliyobaki ilikuwa moja tu, ndefu kama mkono wangu wa wakati ule, lenzi ya kupigia wanyama wa porini. Kitu cha karibu ilikataa kabisa kukiona. Ukimsimamisha mtu mbele yake, unaona ukungu wenye meno.

Mtu mwingine angeiuza. Baba yangu akaamua kwamba kama kamera haiwezi kukaribia watu, basi yeye atakwenda mbali. Familia ikitaka picha, tulipangwa mbele ya nyumba, tumepakwa mafuta, nywele zimesukwa, halafu baba anageuka na kuanza kuondoka. Anavuka barabara. Anavuka uwanja wa mpira. Wapita njia wanatuuliza tumemkosea nini. Kutoka kule anapunga kofia, maana yake chekeni, na sisi tunacheka kwa mtu mdogo kama siafu. Kwenye arusi ya binamu yake alipiga picha kutoka ng'ambo ya kanisa, na mpaka leo wako watu katika ukoo wetu wanaosimulia kwamba mpiga picha wa siku ile hakuja.

Kwa hiyo alipenda vitu viwili ambavyo havilalamiki: majengo ya zamani na wanyama. Jumapili baada ya misa alinibeba nyuma ya baiskeli mpaka kwenye vinamasi vya mto Lualaba, mikate ya mama na chupa ya chai begani. Hapo nilimwona korongo mwenye taji akicheza kwa miguu yake mirefu kama mama mnene anayevuka matope na viatu vipya. Niliona viboko, masikio tu na macho, na mdiria, ndege mvua samaki, akirudi tawi lile lile kila mara kama mfanyakazi wa zamu. Baba alinifundisha kushika pumzi. Alinifundisha kwamba mnyama anapokutazama hupati kitu, unapata hofu yake tu. Unasubiri mpaka akusahau. Nilikuwa mtoto wa kike mwenye magoti ya majivu na nilijua kukaa kimya kuliko wavulana wote wa mtaa. Najisifu, ndiyo. Ni kweli.

Jirani yetu, Mwislamu aliyetoka Maniema na kufanya biashara ya kusafirisha mizigo kwa lori lake, ndiye aliyepeleka filamu zetu Lubumbashi kusafishwa studio. Alikuwa mkarimu na mchokozi kwa kipimo kimoja. Siku aliyotuletea picha za viboko alizitazama moja moja, akatikisa kichwa.

"Sitwayen, wewe nyama unaipiga kwa macho. Chungu kinabaki na maji tu."

Sasa nikueleze habari ya bibi. Tulimwita kaku, kama Waluba wa Kasai wanavyowaita bibi zao. Aliletwa Katanga kwa treni akiwa mwali, kumfuata babu aliyechukuliwa kufanya kazi machimboni, na nyumba ile ya matofali ndiyo waliyopewa waliposhuka. Baba yangu alizaliwa katika chumba cha nyuma, na ndugu zake wote waliomtangulia kufa walizaliwa humo. Babu alifia humo. Chini ya paa palikuwa na viota vya mbayuwayu, vilivyochafua ukuta kila mwaka, na kaku alikataza visiguswe. Alisema mgeni anayejijengea mwenyewe hafukuzwi.

Ndipo habari ikafika kwamba shimo litapanuliwa na kambi yetu itahamishwa. Sitadanganya kwamba watu walilia. Wengi walifurahi, na mama yangu alikuwa wa kwanza. Nyumba mpya zilikuwa na vyumba zaidi na maji ndani. Mstari kwa mstari, kila familia ingepewa siku yake. Lori linakuja, unapakia, unakwenda, na nyuma yako tingatinga linasawazisha. Aliyekataa siku yake angepoteza nyumba mpya, na mwenye kazi katika familia ile angeitwa ofisini kujieleza. Jambo hilo lilitangazwa na mkuu wa kambi mbele ya mlingoti wa bendera, mara mbili, ili kila mtu alisikie.

Kaku alisikia vizuri. Alikuwa akichambua maharage, akaendelea kuchambua.

"Mi siende," akasema. "Banipe kwanza nyumba yangu mu mukono, njo nitapanda mu kamio."

Mama alidhani ni utani. Baba alimjua mama yake. Akachuchumaa mbele yake, akamuuliza taratibu anataka nini hasa. Akajibu kwamba alipotoka Kasai aliacha nyumba ya mama yake, na sasa, akilala, anajaribu kukumbuka mlango wake ulikuwa upande gani, na hakumbuki. "Mulango, mutoto wangu. Kitu yenye nilipita kila siku." Hakukubali imtokee tena. Alitaka foto: nyumba nzima, toka paa mpaka msingi, na yeye mlangoni, na mwanawe pembeni yake kwa kuwa miguu yake haikuwa tena ya kusimama peke yake. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi.

Mwaka ule nilijifunza neno kudhamiria maana yake nini, na nililijifunza kwa mwanamke aliyekaa chini.

Sasa shida. Ili nyumba nzima iingie katika lenzi ile, lazima kamera ivuke barabara na kukaa juu ya kichuguu kikubwa kilichokuwa mwisho wa uwanja, kichuguu chetu cha Katanga, mlima wa udongo mwekundu unaoweza kuota miti. Na kati ya kichuguu na nyumba ilipita barabara ya malori ya mawe. Malori yale hayakukoma asubuhi wala jioni. Baba aliomba ruhusa kwa mkuu wa kambi, naye akampa, lakini kwa masharti.

"Nyumba yako piga, sitwayen. Mashini ya kampani hapana. Kamio hapana. Shimo hapana."

Basi baba akapiga filamu moja nzima na karibu yote ya pili, siku baada ya siku, akiwahi mwanya kati ya lori na lori. Kaku alisimama mlangoni akiwa ameegemea bega la mama, maana majaribio haya hayakuwa yale aliyoyaagiza, yalikuwa mazoezi. Jirani akaipeleka ile ya kwanza Lubumbashi. Picha ziliporudi tulizipanga mezani. Vumbi. Ubavu wa lori. Nyumba yenye kingo mbili mbili, kwa kuwa ardhi ilitetemeka na lenzi ndefu hukuza kila mtetemo. Katika moja kaku alionekana ana vichwa viwili, na kaku mwenyewe akasema hicho cha pili ndicho cha kutumia siku za uchovu. Alicheka peke yake. Mstari wa kwanza wa kambi ulikuwa umeshahama, na filamu iliyobaki ndani ya kamera ilikuwa picha chache za mwisho. Dukani hapakuwa na nyingine.

Wazo lilitoka kwa mama, ambaye alikuwa amechoka kusikia habari za picha. Alikuwa akitoka sokoni na beseni kichwani, jioni, filimbi ya bendera ikalia. Ukiwa mtu wa wakati ule unajua. Bendera ya kijani ikishushwa, filimbi ya kwanza inakugandisha ulipo: baiskeli inasimama, mchuuzi ananyamaza, lori linazima moto, mwenye mguu mmoja hewani anautua polepole. Wimbo unaimbwa, bendera inashuka, na mpaka filimbi ya pili ilie hutikisi hata nzi puani. Mama alifika nyumbani shingo inamuuma, akabwaga beseni.

"Inchi mizima inasimama bure. Hata makamio inasimama! Na weye unatafuta kutulia huko na huko."

Baba alimtazama mama yangu kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona, na sijui kama mama aliipenda.

Ilibaki tatizo moja: wakati wa bendera hata mpiga picha lazima asimame wima, mikono ubavuni. Mlinzi wa mlingoti aliona uwanja wote, na mtu anayechezea chombo kirefu kama bunduki wakati wa wimbo wa taifa angelala pabaya. Tena baba mwenyewe alitakiwa awe mlangoni pembeni ya mama yake. Nilisema nitapiga mimi. Sikuulizwa, nilisema. Mama akasema huyu mtoto hatapiga kitu, atakamatwa. Nikasema nitasimama wima kuliko askari. Baba aliingia chumbani na kutoka na mpira wa kusafishia watoto tumbo.

Kila nyumba ya kwetu ilikuwa nao: mpira wa mviringo wenye mdomo mwembamba, ambao mama huujaza maji ya vuguvugu na dawa, na ambao ukiuona tu mkononi mwake unapona mwenyewe. Baba aliuchukua huo, akaufunga kwenye bomba refu jembamba la mpira, na mwisho wa bomba akaweka sirinji ya zamani ya zahanati. Ukiufinya mpira, hewa inasukuma sirinji, sirinji inabonyeza kitufe cha kamera. Tulijaribu jikoni bila filamu. Finya: kli. Finya: kli. Kaku alitaka kujua kama mpira umeoshwa.

"Usifanye kitu," baba aliniambia. "Simama tu sawa bantu bote. Mupira ukae mu mukono. Ukiona njia iko wazi, finya."

Kamera ingekaa juu ya kichuguu, kwenye miguu ya vijiti, imefunikwa kitenge cha mama, pua tu ya lenzi nje. Mimi ningekaa chini ya kichuguu na kifungu cha kuni, bomba limepita nyuma ya mgongo wangu na mpira umezama katika kiganja. Kwa kuwa kuisogeza filamu kwa picha ya pili kulihitaji kupanda na kuonekana, kila jioni ilikuwa finyo moja. Ukikosea, kesho. Na siku ya mstari wetu ilikuwa imeshatajwa. Picha ilipaswa bado kwenda Lubumbashi na kurudi.

Jioni ya kwanza jua lilikuwa zuri, limelala kwenye matofali mpaka yakaonekana kama mkate uliotoka tanuruni. Kaku alivaa kitambaa chake cha sikukuu. Baba alimshika kiwiko. Filimbi ikalia, nikasimama. Lori la mawe likapiga breki, likasimama pia, kwa utii kamili, katikati kabisa mbele ya nyumba yetu. Dereva akashuka, akasimama wima pembeni ya gurudumu lake. Wimbo ukaanza, wimbo ukaisha, na mimi muda wote nilitazama lile lori kwa chuki ambayo sijaisikia tena kwa kitu cha chuma. Mpira ulikuwa unateleza jasho. Sikufinya. Baba alikuja mbio akiniuliza, nikamwambia njia haikuwa wazi. Aliweka mkono wake kichwani kwangu, akaubakiza hapo muda, kisha akakusanya vijiti.

Jioni ya pili ilikuwa ya mwisho. Jirani alikuwa anaondoka kwenda Lubumbashi alfajiri, na baada yake hapakuwa na mwingine ambaye angewahi. Baba alijua, mama alijua. Nadhani hata kuku walijua. Kaku ndiye pekee aliyekula vizuri mchana. Nilipokwenda kwenye kichuguu nilijiambia: leo sitarudi na hapana.

Filimbi. Malori mawili yalisimama, moja mbali kushoto, jingine mbali kulia. Kati yake barabara ilikuwa tupu. Vumbi likaanza kutua. Sijui nikuelezeje kimya kile. Sisi tulizaliwa ndani ya ngurumo ya machimbo, hatukuisikia tena, kama mtu asivyosikia moyo wake. Ilipokatika masikio yalilia. Wimbo ulianza upande wa ofisi, na nyumba yetu ilikuwa pale, nzima, kingo zake zimekaza, mbayuwayu wakiingia na kutoka bila kujali taifa. Baba alikuwa wima, kidevu juu, macho mbele. Kaku alikuwa hatua moja nyuma yake, mlangoni, ameegemea fremu, ananitazama moja kwa moja.

Nikasema moyoni, ngoja vumbi liishe kabisa. Nikashika pumzi. Na hapo kaku akageuka.

Aligeuka polepole, kama anavyogeuka mtu aliyeitwa kutoka ndani. Akatupa mgongo. Akaweka kiganja chake kwenye fremu ya mlango, juu, mahali palipokuwa pamefanywa laini na mikono ya miaka, akainua kichwa akaanza kuitazama nyumba yake kuanzia paa. Baba hakujua, alikuwa ametazama mbele kama sheria ilivyotaka. Mimi sikuweza kupiga kelele. Sikuweza kupunga. Nilisema kimoyomoyo, kaku geuka, kaku geuka, nilisema hivyo nikiwa nimenyooka kama msumari, na bendera ilikuwa imefika nusu, kisha chini ya nusu, na wimbo ulikuwa unaingia mwisho wake ninaoujua. Hakugeuka. Alikuwa anatazama taratibu, tofali kwa tofali, na hakuwa na haraka na mtu yeyote duniani.

Nikafinya.

Filimbi ya pili ikalia, malori yakanguruma, na vumbi likafunga barabara kama pazia. Baba alipofika nilimwambia nimefinya. Akanibeba mabegani, mimi msichana mkubwa, mpaka nyumbani. Habari ya mgongo sikumpa.

Ilichukua siku zake. Wakati wa kungoja, mstari wa mbele yetu ulisawazishwa, na tulilala tukiona nyota pale tulipozoea kuona ukuta wa jirani. Mama alifunga vyombo. Kaku hakufunga kitu. Alikaa mlangoni juu ya kinu chake, na watu wa ofisi walipopita kumkumbusha siku yake, aliwapa munkoyo na kuwaambia anangoja mgeni. Ikafika siku ya mwisho, kesho yake lingekuja lori letu. Baba alikuwa ameacha kula vizuri. Mtu aliyejenga jina lake la kazi tangu ujana hapendi kuitwa ofisini kwa ajili ya mama yake, na mama yake hapendi kuwa sababu, lakini hakuna kati yao aliyelegea.

Lori la jirani liliingia alasiri ile. Alitoa bahasha ndani ya kanzu yake, akampa baba kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza hakutania. Baba akaitoa picha. Nilimwona uso wake unafurahi, kwanza, maana picha ilikuwa safi ajabu: kila tofali, kila bati, hata kiota kimoja chenye kichwa kidogo kikichungulia. Halafu nikaona macho yake yanafika kwenye mlango.

"Mama," akasema. "Mama, haukuangalia."

Alitaka kuificha. Kaku akanyoosha mkono, na kwa kaku huo ulikuwa mwisho wa mazungumzo. Akaichukua, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaiweka kwenye mwanga. Alitazama muda mrefu mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kuna nini. Alipitisha ukucha wake kwenye fremu ya mlango, juu mpaka chini.

"Mulango iko huku," akasema. "Mukono ya kuume."

"Lakini sura yako, kaku," nikasema mimi, maana mimi ndiye niliyefinya na nilikuwa nakaribia kulia. "Sura yako haionekane."

"Sura yangu niko nayo hapa," akajibu, akajigusa shavu. "Ile nyumba njo inaenda. Nilikuwa naiaga."

Asubuhi lori lilipokuja, kaku alikuwa wa kwanza kupanda. Alikataa kubebwa. Alipanda kwa magoti yake mabaya, picha ndani ya blauzi, akakaa juu ya magunia ya makala akitazama mbele. Tulipopinda kona sisi sote tuligeuka kuangalia nyuma, hata mama yangu aliyeitamani ile nyumba mpya. Yeye hakugeuka.

Aliishi katika nyumba mpya mpaka nikawa mwanamke. Maji yalikuwa ndani, kama walivyoahidi, na mbayuwayu hawakuja. Alipofariki picha ilikwenda naye, kifuani, kwa amri aliyoitoa mapema na kuirudia kila Pasaka. Filamu zenyewe na picha nyingine zote ziliteketea pamoja na kamera katika vita vilivyofika Kolwezi, korongo wote, viboko wote, arusi ya watu wadogo kama siafu. Baba hakupata kamera nyingine. Mimi nilipopata mshahara wa kwanza wa kudumu nilijua la kufanya, na lenzi niliyonunua ilikuwa ndefu, wala sikuitazama ile fupi iliyokuwa pembeni yake.

Watu wanaonijua kwa picha za nyumba za zamani huniuliza niwaonyeshe ile ya kwanza. Sina. Na mahali penyewe siwezi kuwapeleka. Nyumba imekwenda, sawa, nyumba huenda. Lakini pale palipokuwa sakafu yetu hapana hata udongo leo. Pana hewa. Shimo limeshuka chini sana, na mahali kaku alipokuwa anaweka kinu chake mwewe wanapita wakizunguka, juu ya kitu ambacho hakipo. Kichuguu nacho kimechimbwa. Nilisimama ukingoni siku moja nikijaribu kupima kwa macho, hapa barabara, hapa uwanja, nikashindwa, nikakasirika kwelikweli, nikaondoka kabla mlinzi hajanifukuza. Tangu siku hiyo sichelewi. Nikisikia nyumba ya zamani inavunjwa Likasi au Mutshatsha, nafunga begi.

Sijui kama kuna kitu kingine cha wakati ule ninachokidai. Ila hiki kinaniuma, na nakuambia wewe kwa kuwa tumefika mbali pamoja: baada ya ile hatukuwahi kumpiga kaku picha nyingine. Tulidhani sura yake anayo, kama alivyosema, na ataendelea kuwa nayo. Sasa nikimtafuta usiku, pua inanipotea, macho yananipotea, nabaki na kitambaa cha kichwa na sauti. Sura ya kaku wangu nimeisahau. Mgongo wake ningeuchora sasa hivi, na kiganja chake juu ya mlango.